Nyama ya Kipaimara

Mdogo wangu ana maneno yake ambayo nimeyachoka kuliko vumbi la Karatu: "Dada, mimi siwasemi watu, naisema dini." Siku ya mnada, kama hana safari, anasimama na spika pale kwenye mitumba na kuwatangazia Waislamu kwamba dini yao ni ya uongo. Ukimuuliza kwa nini anawatukana majirani, anakupa hayo maneno yake. Na huyo huyo ni dereva wa watalii! Anapeleka Kreta ya Ngorongoro wageni wa kila imani, na wasio na imani yoyote, na sijasikia amemhubiria hata mmoja. Hao wanatoa tipu.

Sisemi dini isiguswe. Marehemu baba yetu, mkulima wa ngano na maharage, alibishana miaka nenda rudi na rafiki yake mwenye duka la sukari na kanga pale barabarani, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kondoa. Walibishana mpaka mama anafunga mlango. "Hapo dini yenu imepotea njia!" "Yenu ndiyo haijaanza safari!" Halafu sinia linaletwa, wanakula pamoja, na nyama amechinja yule mzee mwenyewe. Kwetu ndivyo ilivyo: ukiwa na shughuli unamwita Mwislamu akuchinjie, ili kila mgeni ale. Harusi yangu alichinja yeye. Msiba wa baba alichinja yeye, huku analia.

Kwa hiyo kipaimara cha binti yangu kilipokaribia mwaka jana, nilikwenda dukani kwake nimejaa aibu. Mnada uliopita mdogo wangu alikuwa amevuka mpaka: alitangaza kwamba hata nyama wanayochinja ina laana. Nikamwomba mzee radhi. Akacheka.

"Mwanangu, yule nimempakata akanikojolea. Mbuzi nitachinja. Nije saa ngapi?"

"Jumamosi saa nne, Baba."

Jumamosi hiyo nikatoka mapema kufuata keki mjini. Narudi, jamani, mbuzi wote wawili wananing'inia kwenye mparachichi, wameshachunwa! Mdogo wangu anapangusa kisu, uso unang'aa.

"Nimekuokoa, dada. Nyama yote imeombewa."

Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Naye, utajua tu: "Sina ugomvi na mzee. Naisema dini." Nilikuwa bado nafoka mzee alipoingia getini, kisu chake kimeviringishwa kwenye gazeti. Akautazama mti. Akakirudisha kisu kwenye mfuko wake.

"Hongereni kwa maandalizi," akasema. "Kesho nitakuja na wenzangu."

Hela ya mbuzi mwingine sikuwa nayo. Nililia jikoni kwa hasira, nikikata vitunguu ili watu wasiniulize.

Jumapili, baada ya ibada, mzee alikuja kweli, na wenzake, majirani Waislamu wa mjini, wake kwa waume, wamevaa vizuri. Wakampa binti yangu zawadi, wakampigia vigelegele. Nilipopeleka sinia la pilau, wakaniambia kwa upole wametoka kula, soda inatosha. Nikajua. Nikageuka na sinia langu, limejaa kama lilivyotoka jikoni.

Mdogo wangu akaliona. Ungemsikia!

"Yaani tumepika, tumewakaribisha, halafu wanakaa wanatuangalia? Hii ni dharau! Wanatuona sisi wachafu!" Akaenda mpaka mbele ya mzee, wageni wote wanatazama. "Mzee, tumekukosea nini hata mnatukataa hivi?"

Mzee akaweka chupa ya soda chini. Hakupandisha sauti.

"Sijakukataa wewe, mwanangu. Nimekataa nyama."

Mdogo wangu alikuwa amejibiwa kwa lile jibu lake mwenyewe. Ningecheka, wallahi ningecheka, siku nyingine yoyote.

Lakini binti yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na gauni lake jeupe, ameshika kibakuli kilichofunikwa. Maini. Kila shughuli ya nyumba hii maini ni ya mchinjaji, na tangu akiwa mdogo yeye ndiye anayempelekea mzee, anayemwita babu.

"Mama," akaniuliza, "sasa haya nimpe nani?"