Fundi Aliyekwangua Rangi ya Baba Mkwe

Haya nimesimuliwa na mama mkwe wa fundi mwenyewe, juzi mchana, tumekaa barazani tunachambua mchele. Alicheka mpaka ungo ukamtetemeka mapajani.

Saa tatu asubuhi, fundi umeme wa magari ameinama chini ya boneti la gari kuukuu la baba mkwe wake. Kitambaa kichwani, spana mfukoni, grisi shavuni. Gari limepakwa rangi mpya ya samawati, linang'aa kama sahani ya wageni. Ila kuwaka, haliwaki.

Adhuhuri anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu kulibeba. Aliyemwita ni shemeji yake fundi, mdogo wa mumewe.

"Shemeji, utaichoma maiti sindano mpaka lini?"

"Wewe kaa kwenye usukani, punguza domo. Nikisema washa, washa."

Gari hili mzee alilifanyia kazi ya teksi tangu ujana wake. Limesomesha watoto wote. Hata huyu mkwe, ada ya kujifunza ufundi ilitoka humo humo, wakati majirani wanashika mbavu kwa kicheko: mwanamke na nyaya za magari wapi na wapi! Mzee aliwajibu neno moja tu, "Mwacheni." Leo pale gereji malori yanapanga foleni yakimsubiri yeye.

"Ndiyo maana sikutaka kuliachia," anasema fundi. "Nikishindwa hili, hayo malori yana faida gani?"

Gari liligoma tangu lilipopakwa rangi. Betri ikabadilishwa, stata, ile mota ya kuzungusha injini, ikafunguliwa na kurudishwa, wapi! Mzee amekaa kwenye kigoda karibu na ukuta. Mlango wa gari ukifunguliwa, anainua shingo.

Fundi anawasha taa za mbele. Mwanga mkali. "Haya, washa!"

Stata inalia tak! Taa zinafifia kama macho ya mtu anayesinzia.

"Betri hiyo!" shemeji anapiga kelele.

"Betri ya juzi tu? Rudia."

Safari hii anazipapasa nyaya kwa kiganja. Huu baridi, na huu baridi. Anafika kwenye bolti inayobana waya mweusi wa betri kwenye bodi ya gari, mara anarudisha mkono haraka. Pamoto!

Anaifungua. Chini yake ni samawati tupu, na rangi haipitishi umeme.

Hapo anasita. Ile rangi mzee aliipaka kwa mkono wake mwenyewe. Alifungua bolti mojamoja, akapaka chini yake, akairudisha, ili kutu isipate pa kuingilia. Majirani walikuja kutazama, naye akawaonyesha hadi uvunguni.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Baba, umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, unapita kwenye chuma cha gari na waya huu. Sasa hapa... hapa pamepakwa vizuri mno."

Mzee anakuja, anainama, anatazama. Shemeji anaanza kucheka, anaona uso wa baba yake, kicheko anakimeza.

"Kumbe nimelinyonga mwenyewe kwa mapenzi," mzee anasema. "Kwangua, mwanangu. Usinionee haya."

Fundi anachukua msasa, anasugua mpaka chuma kinatokea cheupe. Anarudisha waya, anakaza bolti.

"Toka hapo," anamwambia shemeji yake. "Baba, ingia wewe."

Gari linakohoa. Linakohoa tena, kisha linanguruma, na vifuniko vya sufuria jikoni vinacheza.

Mnunuzi wa chakavu anapofika, anamkuta mzee usukani, kiwiko nje ya dirisha.

"Pole, bwana. Mgonjwa karuhusiwa hospitali!"

Wakazunguka mtaa mzima wakipiga honi, shemeji kiti cha nyuma anapungia watu mkono kana kwamba fundi ni yeye.

Fundi ana mpango wa kufungua gereji yake. Kibao cha jina hataki. "Nitaliegesha hili mlangoni," anasema. "Penye gari la samawati ndipo petu. Na pale nilipokwangua, hapapakwi tena."

Baada ya chakula cha mchana nyumba ikatulia. Shemeji alikoroma mkekani. Mzee alilala humo humo garini, ufunguo kiganjani. Fundi aliketi kando yake akisema anapumzika kidogo tu, kichwa kikamwangukia dirishani. Mama mkwe akawafungulia milango wapate upepo, akawatazama, akatabasamu, ndipo naye akaenda kujilaza.