Mafuta ya Kupima

Hezekiah Obuya alikuwa mtu wa hasira, na mwaka ule wa 2004 alikuwa na sababu. Miaka kumi na sita alilisha panya katika maabara moja huko Westlands, akasugua vizimba vyao kwa mikono yake, akamjua panya mgonjwa kabla daktari hajavaa glavu. Kisha wakamwita mzembe.

Utafiti wa Daktari Nyokabi haukuwa fumbo. Kundi moja la panya lilikula unga uliotiwa mafuta mapya. Kundi la pili, mafuta yaliyochemshwa na kuchemshwa tena kwa siku kumi. Alitaka kuona jinsi mafuta yaliyopikwa kupita kiasi yanavyoliharibia ini kazi yake ya kuunda na kuchoma mafuta ya mwili. Lakini panya walipopasuliwa, maini ya makundi yote mawili yalikuwa yamevimba na kupauka, yanateleza kwa mafuta.

"Obuya, ulichanganya hii chakula," alisema daktari. Siku nyingine zote alimwita Mzee Obuya. "Miezi sita imeharibika. Friday utapewa barua uende nyumbani."

"Daktari, hiyo kitu sijafanya."

Hakusikilizwa. Mnyonge hana haki, na mwenye cheo hakosei! Obuya aliingia stoo damu ikimchemka, akaburuta jerikeni ya hayo yaliyoitwa mafuta mapya, akayamimina juu ya kitambaa cheupe cha kuchujia. Yakabaki makombo meusi ya kuku wa kukaanga. Akakibeba kitambaa kikichuruzika mpaka ofisini, akakibwaga juu ya karatasi za daktari.

"Tangu lini mafuta mpya ya salad ikakuwa na kuku ndani?"

Daktari akamwita Mungai, karani wa ununuzi. Mungai aliapa, akababaika, mwishowe akakiri. Alichoka kufuata mafuta ya kiwandani mjini, akawa anajaza jerikeni njiani kutoka kwake, karibu na Adams Arcade, kwa muuzaji mwenye pipa la bluu anayeuza mafuta ya kupima, mabaki ya mafuta ya kukaangia ya mahoteli yanayouzwa kwa kopo.

"Pole sana, Mzee Obuya," alisema daktari. "Kazi yako iko. Panya tutaanza upya."

Obuya hakushukuru. Pipa hilo alilijua. Mkewe, Awiti, alipimiwa hapo kopo moja kila jioni.

"Panya mtaanza upya," alisema. "Na watoto wangu wanne, Daktari? Hao nitawaanza upya wapi?"