Anayemsikiliza Mjukuu Wangu

Majina ya wasichana wote niliowafunda unyagoni hapa Lisekese nayakumbuka, ila humu siyaandiki. Walikuwa wakinieleza ya moyoni, na mjukuu wangu kuliko wote. Tukienda kuokota korosho, hatunyamazi mpaka tunarudi.

Sasa yuko Ulaya, anasomea ushauri nasaha. Siku moja kwenye simu akaniambia kwamba anayesomea kazi hiyo lazima naye awe na mshauri wake. Kila Alhamisi anakwenda kwa mama mmoja wa kule, anamweleza shida zake.

"Shida zipi hizo nisizozijua mimi?"

"Za kawaida tu, bibi."

"Na yeye anakufunda nini?"

"Hanifundi. Ananisikiliza."

Iliniuma. Mimi miaka yote nimefunda watu kwa kusema, kumbe mtu anaweza kuninyang'anya mjukuu kwa kukaa kimya. Tangu hapo Alhamisi siipendi.

Alipopiga tena, nikasema na mimi ninyamaze. Akasema kuna baridi. Kimya. Akasema chakula cha kule kinamshinda. Nilitaka kumwambia apike uji wa mtama, nikauma mdomo.

"Bibi, upo? Unaumwa?"

"Nipo. Nakusikiliza."

Akacheka. "Mke mwenzangu ana wivu huyu."

"Huyo mama ana wajukuu?"

"Sijui. Mambo yake haniambii."

Hapo nikapata pa kumshinda. Nikamwambia kwamba siku hizi naogopa kulala peke yangu, jambo ambalo hata mama yake simwambii.