Fonti ya brashi ilivyotaka kukwamisha ndoa ya watu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nalileta kama lilivyotokea, sina nguvu hata ya kutia chumvi.

Nina stationery hapa Mlandizi, nadesign na kuprint.

Kuna fonti moja ya brashi, mnaijua hata kama hamjui jina lake. Herufi zimelala upande, zimeshikana, zina mikia mirefu kama mtu kapaka rangi huku anawahi gari.

Imechangamka, sikatai. Lakini kila mteja anaitaka hiyo hiyo. Saluni, chipsi, bonanza, hadi mganga wa mapenzi. Ukishauri nyingine unaambiwa weka ile yenye mikia. Basi naweka, nitafanyaje.

Sasa akaja Mama Zuhura, mjane wa kule Janga, anataka kadi za harusi ya binti yake, kwa fonti hiyo hiyo. Nikamwambia wazee itawasumbua. Akagoma, kadi ya jirani yake ilikuwa na mikia.

Zikatoka, zikasambazwa.

Siku moja kabla ya ndoa akarudi analia. Shemeji yake wa Kibuta, Mzee Kondo, kaka wa marehemu mumewe, ndiye walii wa binti, wa kumwozesha. Na amesema haji.

Simu alipigiwa. Lakini wazee wetu mnawajua, simu ni taarifa tu, mwaliko ni kadi. Yeye anasema hajaletewa kadi, na boda aliyeipeleka anaapa alimkabidhi mkononi.

Bila walii ndoa haifungwi, na wageni wameshaanza kufika. "Mwanangu, twende wote," akaniomba.

Nikaprint kadi nyingine, herufi kubwa zimesimama wima, hazina pambo lolote. Tukaondoka. Vumbi la njia ile nisiliseme.

Kadi ya kwanza tuliikuta imechomekwa dirishani kuzuia upepo.

Mzee hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

"Mwandiko huu nauona kwenye nguzo, saluni na chipsi," akasema. "Nikajua tangazo. Nikasema ndugu yangu kafa, na mimi nimeshazikwa naye."

Mama Zuhura akapiga magoti akampa ile mpya. Mzee akaisoma taratibu kwa kidole, akafika kwenye jina lake, akalirudia.

"Hii imeniita mimi."

Kisha akamwambia mkewe amnyooshee kanzu.

Ndoa ilifungwa, alhamdulillah. Mimi nililala kama gogo.

Nilichojifunza ni kwamba kadi ya ndugu isifanane na bango la biashara, hata mteja akaze vipi. Uzuri wa mwandiko hauna maana kama aliyeitwa hajui kaitwa.

Siku hizi kila kazi ya harusi nachomoa kadi chache za wazee, naziprint kwa herufi za kawaida, simwambii mteja. Wenye fani semeni, nakosea?