Kamba ya Kisima Inalala Wapi

Usiku ule nililala na kiu kwa makusudi. Mtungi ulikuwa palepale karibu na mlango, umejaa, umefunikwa kwa sahani, na mimi nimeupa mgongo. Maji yenyewe niliyateka kwa mikono yangu kutoka kisima cha kijiji, kisima ambacho ufunguo wake nalala nao shingoni. Lakini nilikuwa nimeshaamua kwamba yametiwa kitu, na aliyetia nilikuwa namjua kwa jina.

Mimi naitwa Mama Rehema. Kwetu tunalima alizeti na vitunguu, na mimi ndiye mtunza kisima tangu siku kilipojengewa kwa zege na kuwekewa mfuniko wa bati wenye kufuli. Kazi hiyo sikuiokota. Nilipewa kwa sababu kijiji kizima kinajua simwamini mtu. Bwana afya alipokuja kutufundisha alisema maji yatakuwa salama kama kisimani itashuka ndoo moja tu kwa kamba moja tu, asije kila mtu na dumu lake la kuchotea, na kwamba ndoo na kamba zisiguse chini. Wenzangu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutazama miguu, nani anakanyaga wapi.

Kisha, baada ya mavuno ya alizeti, kamba ikaibiwa kwenye msumari wake pale kisimani. Mtu alikwenda kufungia ng'ombe wake, na hadi leo nina orodha kichwani ya wanaoweza kufanya hivyo. Tulipopata kamba nyingine nikasema hii hailali nje. Ndoo ilitiwa mnyororo ikabaki, lakini kamba nikawa naifungua kila jioni, naikunja begani na kuondoka nayo nyumbani. Alfajiri, kabla hapajapambazuka vizuri, narudi nayo. Watu walinisifu, nami nilizipenda sifa zao.

Haukupita muda mrefu watoto wakaanza kuharisha. Nyumba ya kwanza, nyumba ya pili, halafu kwangu: mjukuu wangu Shani, mtoto wa miaka mitatu, macho yameingia ndani, akilia hatoi machozi. Nilipomwona vile niliingiwa na hofu ambayo sijapata kuijua, na hofu yangu mimi hugeuka upelelezi. Siku moja nikamkuta jirani yangu Hamisi kasimama kando ya kisima na bomba la kupulizia dawa mgongoni. Shamba lake la vitunguu linapakana na kisima. Alisema alikuwa anapita. Anapita! Na bomba la sumu! Nesi wa zahanati aliniambia tumbo la Shani si la dawa ya shambani, ni la uchafu, kinyesi kinaingia kwenye maji kutoka mahali fulani, na kwamba nimchemshie kila tone na kumtilia chumvi na sukari. Nilimsikiliza kwa adabu. Njiani nikakumbuka kwamba nesi huyo amepanga chumba kwa shemeji yake Hamisi. Basi, nikasema, wamekwisha kupanga.

Mkutano ulikuwa asubuhi ya kesho yake. Nilishazunguka nyumba kwa nyumba, na wengi walishakubali: nyumba ya Hamisi ifungiwe kisima. Wangerudi kuchota kwenye lambo, mahali ng'ombe wanaponywea na kukojoa, yeye na mke wake aliyejifungua juzi tu. Nilijua hilo vizuri. Nililala nikiwa nalijua.

Ndotoni ni mchana. Jua liko utosini na kisimani hakuna foleni, hakuna hata dumu moja lililopangwa. Nimesimama na kamba mkononi. Upande wa pili wa kisima amesimama Salima.

Salima ni mama yake Hamisi, na alikuwa shoga yangu tangu usichana wetu. Yeye ndiye aliyezunguka ofisi hadi ofisi kukiomba kisima hiki, mara nyingi peke yake, na viatu vyake mkononi ili visiishe soli. Akafariki kabla hawajaja kuchimba, msimu ule wa kuhara na kutapika uliotuondolea watu wengi. Mimi nilimwosha. Sasa yuko mbele yangu, amejifunga kipande cha kanga tuliyonunua pamoja tukagawana, yeye kipande kimoja mimi kimoja. Mkononi ana kata tupu.

Nilitaka kulia kwa furaha. Badala yake nikakaza kamba, kwa sababu niligundua mara moja kilichomleta.

"Umekuja kumtetea mwanao," nikamwambia.

"Nimekuja kunywa," akasema Salima. "Niliyaomba maji haya, sikuyaonja."

Sauti yake haikuwa na lawama, na hiyo ilizidi kunitia shaka. Nilimjua Salima. Akitaka kitu kikubwa huanza kuomba kidogo. Nikafungua kufuli huku namtazama kwa pembe ya jicho, nikashusha ndoo, nikasikia imegusa maji, nikaanza kuvuta.

Navuta kamba, ndoo haifiki. Navuta, kamba inajaa miguuni pangu, inalowa, inajikunja, na bado ndoo haifiki. Salima anangoja. Mikono inaniuma. Nachungulia kisimani na maji yako palepale, meupe, naona na uso wangu, lakini kamba haitoki huko. Inatoka nyuma yangu. Nikigeuka naiona imelala juu ya nyasi, imenyooka, inaelekea kwenye vitunguu.

"Kamba yako inalala wapi?" Salima ananiuliza.

"Mahali salama," nikamjibu. Ndivyo ninavyowajibu watu wote.

Hakubisha. Alitikisa kichwa polepole kama mtu anayehesabu moyoni, na mimi nikakasirika, maana hivyo ndivyo mimi ninavyowatikisia wengine.

Tukaifuata kamba. Imepita katikati ya matuta ya Hamisi, na moyo wangu umechangamka, nakaribia kukimbia. Nasema, twende shoga yangu, twende ukajionee mwenyewe, mimi sikutaka haya, lakini twende. Yeye anakuja nyuma na kata yake, hatua zake hazivunji hata jani la kitunguu. Mbele yetu ni mlango wa Hamisi. Uko wazi. Mkewe amekaa kwenye kigoda anaogesha mtoto ndani ya beseni, na maji ya beseni ni ya lambo, mazito, rangi ya chai ya maziwa. Mtoto anafungua mdomo na maji yanaingia. Mama yake hainui uso.

Kamba imefika kizingitini. Nikasema, umeona?

Haikuingia. Iligusa kizingiti ikapinda, ikaambaa na ukuta, ikaendelea. Nikainama nikaishika kwa mikono miwili na kuivuta irudi. Naisukuma mlangoni. Nataka iingie. Naiwekea goti, naisukuma kama mtu anayelazimisha mbuzi kupanda gari, na kila ninapoiachia inarudi kwenye njia yake. Nikainua macho nikamkuta Salima ananiangalia ninavyohangaika na nyumba ya mwanawe. Sijapata kuona aibu kama ile, hata nikiwa macho.

"Acha," akasema. "Twende inakokwenda."

Sasa tumo uani kwangu, sijui tumefikaje. Najua ni kwangu kwa sababu ya jiko langu la mafiga na ule mwiko niliosahau kuuosha. Naanza kusema sana. Namwambia Salima habari za mavuno, namwambia Rehema ameolewa, namwambia kaburi lake yeye tulilipalilia. Yeye anatazama kamba. Imepita jikoni, imepita mlango wa chumba changu, imekwenda moja kwa moja hadi banda la mbuzi na kuingia chini ya mlango.

"Fungua," akasema.

"Humo hakuna maji."

"Fungua, shoga."

Ufunguo ninao shingoni, ni uleule wa kisima, na kwenye ndoto haukunishangaza. Kufuli ikakubali. Ndani, badala ya mbuzi, wamesimama watoto wa kijiji kwenye foleni. Wamesimama kimya, kila mmoja na kikombe chake. Juu ya boriti wamelala kuku wangu, wamejazana, mikia yao imeelekea kwetu, na katikati yao imetundikwa kamba ya kisima. Ncha yake imefika chini kwenye mavi ya mbuzi na mkojo. Inadondoka. Kila tone linaangukia kwenye kikombe, mtoto anakunywa, anashukuru, anampisha mwenzake.

Salima akapita katikati ya watoto akaweka kata yake chini ya kamba. Akangoja hadi ikapata kidogo. Kisha akaniletea, akaishika kwa mikono miwili kama mtu anavyompa mgeni.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Sikuweza. Niliiangalia ile kata na mdomo wangu ukajifunga wenyewe. Salima alisimama na kunyoosha mikono, kiu inaonekana kabisa kwenye midomo yake, na mimi nimekaza meno. Pembeni yangu mkono mdogo ukanyooka kuipokea ile kata. Ni Shani. Anaipeleka mdomoni. Nikapiga kelele.

Niliamka nimekaa. Shani alikuwa ameshika nguo yangu kiunoni, amechoka, anaita taratibu.

"Bibi, maji."

Nikanyoosha mkono kwenye mtungi, nikatia kata, na mkono ukasimama hapohapo. Nikarudisha maji. Nikamwambia asubiri kidogo mjukuu wangu, nikawasha moto, nikateleka sufuria, nikakaa kuyatazama mpaka yakachemka na kuchemka tena. Nilipoyapoza nikayatia chumvi na sukari kama nesi alivyoniagiza nikamdharau. Shani akanywa yote, akalala.

Kukawa kumeanza kupambazuka. Hata hapo, lazima niseme ukweli, nilimshuku Salima. Nilijiambia kwamba mama ni mama hata akiwa kaburini, na kwamba kiu yangu ndiyo iliyoleta ndoto. Ili kulimaliza hilo nikachukua tochi nikaenda bandani.

Banda la mbuzi ndilo mahali pekee kwangu penye kufuli. Kamba ya kisima huwa imeloa, siwezi kuiingiza ndani tunamolala, basi jioni nafungua banda gizani, naitupa juu ya boriti, nafunga. Alfajiri naivuta gizani na kuondoka nayo. Sikuwahi kuimulika. Sasa nikaimulika. Kuku walikuwa wamekaa juu yake. Ilikuwa na michirizi myeupe urefu wote, mingine mikavu, mingine ya usiku uleule. Upande mmoja ulikuwa umeteleza hadi chini, na mbuzi walikuwa wameulalia. Huo ndio upande ninaofunga ndoo, ule unaozama. Nikahesabu nyuma, kutoka mtoto wa kwanza kuugua hadi siku niliyoanza kuilaza kamba kwangu, na hesabu ilikubali bila ubishi.

Wazo la kwanza halikuwa zuri. Choo changu kiko hatua chache kutoka bandani. Nitumbukize kamba humo, niseme imeibiwa tena, tupate nyingine, watoto wapone, na hakuna atakayejua. Hata mkutano ungeendelea. Nilishaishika na kupiga hatua mbili kuelekea chooni. Kilichonirudisha ni ile mikono ya Salima iliyokuwa imenyooka na kata. Nilimwosha Salima kwa mikono hii yangu, halafu nikawa nakwenda kumrudishia mjukuu wake mchanga maji yaleyale ya lambo yaliyomuua.

Nikaikunja kamba kama ilivyo, na mavi yake, nikaitia begani. Nikapita njia ya kwenye vitunguu. Mlango wa Hamisi ulikuwa umefungwa, nikabisha. Alitoka akiwa bado anavaa shati, na aliponiona macho yake yakaenda kwanza kwenye ufunguo shingoni mwangu.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema, bila kunikaribisha. "Si mlisema mkutano jua likichomoza? Mmeshaamua?"

Marahaba ilikataa kutoka. Nikatua kamba mbele ya miguu yake. Aliinama, akairudia kuitazama, kisha harufu ikamfikia akarudi nyuma.

"Inalala kwenye banda langu la mbuzi," nikamwambia. "Tangu ile ya kwanza ilipoibiwa. Nitawaonyesha wote mkutanini, lakini wewe nimekuja kukuonyesha kwanza."

Ndani, mtoto mchanga alianza kulia na mkewe akamnyamazisha. Nikavua ufunguo nikamshikisha mkononi, na vidole vyake havikujua vifunge au viachie.

"Hamisi," nikasema, "mama yako alikuja kwangu kuomba maji. Sikuwa nayo ya kumpa."