Kucha Juu ya Chuma

Hadi leo, harufu ya mafuta ya mawese yakianza kuchemka hunirudisha jikoni kwetu Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi, kiangazi kile ambacho vumbi jekundu liliingia hata ndani ya chumvi. Baba alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na alitaka cheo cha mkuu wa mafundi wenzake. Kwa mtihani alipewa vipande viwili tu vya chuma kigumu, kile kilichochanganywa na nikeli na kromu, ili kimojawapo kitoke mhimili mfupi wa pampu, laini pande zote. Hakukuwa na cha tatu. Mama, kwa haraka zake, alikuwa ameshashonesha abakosi, ile suti isiyovaliwa na tai, ya siku ya cheo. Ilining'inia nyuma ya mlango, nasi tukiisalimu kama mgeni.

Mafundi wa kambini walikuwa na desturi yao: kazi haipelekwi kwa mkubwa kabla haijapitiwa na ukucha wa mtu mwenye mikono laini, macho yamefumbwa. Wengine waliwatumia wake zao. Baba alinichagua mimi, binti yake wa miaka tisa, na jambo hilo lilinivimbisha kichwa vibaya sana.

Jioni moja alikuja na kipande cha kwanza alichokwisha kukikereza, kwa ruhusa, kimefungwa kwenye kitambaa. Nilifumba macho nikapitisha ukucha. Ukakwama, ukakwama tena. Nilimpenda baba, na abakosi ilikuwa nyuma yangu pale mlangoni; nilitamani sana kusema uongo.

"Papa, inakamata," nilisema, machozi yakinilenga.

Aliketi kwenye kigoda. "Miye nakata doucement, polepole, juu hii chuma iko nguvu," alimwambia mama. Mama alikuwa akikaanga samaki wa bwawa la Mwadingusha, wala hakugeuka.

"Samaki nayo, ukimuweka mu mafuta ya baridi, ananata mu sufuria, ngozi inapasuka. Pengine na weye unakata baridi."

Baba alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka. Alikumbuka vijipande vya chuma vilivyokuwa vikiganda kwenye ncha ya kisu cha mashine yake ya kukereza na kuchubua kazi. Kwa woga wa kuharibu, alikuwa ameizungusha mashine polepole mno, chuma kisipate moto wa kukatika vizuri. Kesho yake aliongeza mwendo, akanoa ncha upya, akakisogeza kisu kidogo kidogo, na mabaki yakatoka yamejikunja, ya buluu, bila kung'ang'ania. Kipande cha pili ukucha wangu uliteleza juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Baba alicheka, akamwita mama "Chef", yaani mkuu, mbele ya majirani. Abakosi ikavaliwa.

Kile kilichoharibika mama alikichukua, akawa anakiviringisha juu ya jiwe kusagia karanga, miaka na miaka. Siku hizi mpwa wangu anafanya kazi kwenye karakana ambako kifaa chenye sindano hupima ulaini na kuandika namba, na namba hiyo haikosei. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini mwaka jana, tulipogawana vyombo vya marehemu mama, nilikiomba kile chuma tu. Nikakaa nacho jikoni, nikafumba macho, nikapitisha ukucha. Haukukwama popote.