Kidaka cha Jethmal

Kila asubuhi chapati ya kwanza haikuwa ya mtu. Bibi Dhapu aliipaka samli, akaikunja, akashuka nayo hadi kizingitini alikosimama ng'ombe mwekundu wa mtaa wetu. "Shika, mwenzangu," alimwambia. "Humu ngomeni wewe na mimi tu ndio tunaoamka bila kelele." Ng'ombe alikula, akaondoka. Bibi alinawa mikono, akapanda hadi penye mitungi ya maji.

Bibi Dhapu ni mama yake baba. Kwetu Jaisalmer, mji wa jangwani India, wazazi wakichoka kuzaa wasichana humpa wa mwisho jina hilo, maana yake basi, tumeshiba. Yeye alikuwa wa tano. "Mama yangu aliniangalia akasema basi," alipenda kusema huku akichambua dengu. "Ndilo neno la kwanza nililosikia duniani." Watu walicheka. Yeye hakucheka sana.

Mitungi ilikaa katika chumba kidogo nyuma ya jiko, juu ya benchi la jiwe la manjano. Juu yake, ukutani, kulikuwa na kidaka kilichopakwa rangi nyekundu, na ndani ya kidaka kibao cha fedha kilichochongwa kijana mwenye kilemba. Huyo ndiye Jethmal, mtoto wa kwanza wa Bibi. Aliumwa na nyoka shambani kwa wajomba zake kabla hajaoa. Kijana anayekufa hivyo haondoki nyumbani. Huja ndotoni akasema anataka kukaa wapi. Jethmal alimjia Bibi usiku mmoja, akasema, "Mama, nina kiu," na kesho yake babu akachimba kidaka penye maji. Tangu hapo kikombe cha kwanza ni chake na taa ya jioni ni yake, na hakuna bibi harusi aliyeingia nyumba yetu bila kumwinamia kwanza.

Hakumjia Bibi tena. Asubuhi nyingine aliniuliza nimeota nini. Nikisema sikuota kitu, aligeukia kazi yake kama mtu aliyetazama mawingu yakapita.

Baba yangu, Girdhari, alizaliwa baada ya Jethmal. Ndiye aliyegeuza vyumba vya juu kuwa vya wageni. Hao huja kuona mahekalu na nyumba za matajiri wa zamani zilizochongwa mawe kama lesi, jioni hupelekwa kwenye mchanga kupanda ngamia, kisha hurudi kula kwetu. Mlangoni Baba alitundika picha kubwa ya Bibi. Mezani aliwaeleza wageni kwamba mama yake alifunzwa upishi katika jiko la mfalme.

"Umewaambia nini?" Bibi aliuliza, kwa kuwa lugha yao hakuijua.

"Kwamba unapika vizuri."

"Maneno mengi hayo kwa kupika vizuri."

Kweli alipika. Ker ni matunda madogo ya kichakani, machungu yasiyolika. Bibi aliyalowesha kwenye mtindi wenye chumvi siku baada ya siku mpaka uchungu ukabaki kidogo tu, ndipo akayachanganya na sangri, maganda ya mbegu za mti wetu wa jangwani. Madonge ya ngano aliyafukia kwenye majivu ya samadi, akayapasua, akayamwagia samli. Wageni walimpiga picha akifuta jasho. Jikoni hawakuruhusiwa kuingia na viatu, na penye mitungi hawakuruhusiwa kabisa.

Taabu ililetwa na vyoo. Wageni walichoka kutoka nje ya chumba usiku, na kwa jirani yetu Pushpa kila chumba kilikuwa na choo chake. Wakawa wanakula kwetu na kulala kwa Pushpa. Siku moja Baba alikuja na mwashi, wakapima chumba cha mitungi.

"Tunahamisha mitungi tu, Mama," alisema. "Kasehemu kadogo."

"Mitungi hamisheni. Ndugu yako utamweka wapi?"

"Tutamtafutia mahali pazuri. Mbele kule, penye mwanga."

"Aliomba mwanga? Aliomba maji."

Baba alicheka vibaya, puani. "Tangu nipate akili nakunywa maji ya pili, Mama. Yeye kwanza, mimi pili. Hata majirani wanakuita Mama Jethmal, mimi wameniruka. Na nyumba hii nailisha mimi."

"Naye angeilisha, angeachwa aishi."

"Basi mwambie aje aongee na wageni."

Mwashi alijikohoza, akatazama dari. Bibi alisimama mlangoni mwa kile chumba, mkono mmoja kwenye mhimili. "Nikifa, fanyeni mnavyotaka," alisema. "Kwa sasa bado napumua." Mwashi akakunja futi yake akaondoka, na Baba hakula usiku ule.

Nilidhani yameisha. Ukafika mwezi wa kuhiji Ramdevra, penye kaburi la mtakatifu, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu; mahujaji wakaanza kupita barabarani chini ya ngome na bendera zao, wakiimba. Asubuhi moja Baba alishuka hajanyoa, akaketi chini karibu na jiko la Bibi, jambo ambalo hakulifanya tangu aanze kuvaa saa.

"Mama, nimemwota Jethmal."

Bibi alikuwa na chapati mkononi. Ile iliyokuwa kwenye kikaango ikaanza kuungua, hakuigusa.

"Alikuwaje?"

"Kilemba cha zafarani. Alisimama pale mlangoni. Akasema, mwambie Mama aende Ramdevra kwa miguu, kwa ajili yangu."

"Alisema Mama?"

"Alisema Mama."

"Alivaa viatu?"

Baba alikawia kidogo. "Alivaa."

"Alikufa miguu mitupu," Bibi alisema. "Kumbe amepata viatu." Akatabasamu, na meno yake yote machache yakaonekana. Sijawahi kumwona hivyo, hata arusini. Mama yangu alikuwa anatia chumvi kwenye dengu. Alitia, akakoroga, akatia tena, macho yake yakiwa ukutani.

Pushpa aliposikia alikuja na maneno yake. "Mama Jethmal, kwa magoti hayo? Ngoja tu, Ramdevra itakuja kukuchukua yenyewe."

"Magoti ni yangu, Pushpa. Wewe lala na wageni wako."

"Haya. Lakini mbona hakukujia wewe mwenyewe? Mama si ni wewe?"

"Mimi nalala kama gogo. Amekwenda kwa mwenye usingizi mwepesi."

Alijibu haraka, Pushpa akacheka. Lakini jioni, Bibi alipowasha taa penye kidaka, nilimsikia akimwuliza yule kijana wa fedha taratibu, kama mama anayemdadisi mtoto kwa nini kala kwa jirani. Kisha akamwambia si kitu, mradi umekuja.

Akaenda. Alifunga vitambaa miguuni, akabeba blanketi na unga wa dengu uliokaangwa, akaingia katikati ya wanawake wa mtaa wa chini wenye bendera. Baba alimsindikiza hadi langoni, akamgusa miguu kuomba baraka. Aliporudi, mwashi alikuwa ameshakaa kizingitini kwetu na nyundo.

Mama yangu alijifungia chumbani. Mtungi mmoja ulivunjika wakati wa kuutoa, vigae vyake vikafagiwa pamoja na kifusi.

Bibi alirudi kwa basi, mchana, wageni wakisubiri chakula. Alichechemea, midomo imepasuka kwa jua, na kwenye kona ya ushungi amefunga sukari na nazi ya baraka. Mama alimwambia aketi anywe maji. "Ngoja nimpe yeye kwanza," Bibi alisema, "kanituma, lazima nimpe habari." Akapita jikoni, akasukuma mlango.

Nilikuwa nyuma yake. Vigae vyeupe hadi darini. Harufu ya saruji mbichi. Pale lilipokuwa benchi la mitungi palikuwa na choo cha kukalia, bado kimefungwa nailoni.

Bibi alikitazama choo kile muda, kama mtu anayesoma kitu kwa shida. Baba akaja nyuma yetu. "Umewahi kurudi, Mama."

"Yuko wapi?"

Akampeleka mbele, kwenye meza ya mapokezi. Kile kibao cha fedha kilikuwa ndani ya kisanduku cha kioo karibu na funguo za vyumba, kimewashiwa taa ndogo. Mgeni mmoja mwanamke alikuwa anakipiga picha.

"Wanampenda sana," Baba alisema. "Ameanza kujulikana."

"Girdhari. Ulimwota?"

"Mama, umechoka. Kaa kwanza."

"Nakuuliza. Alikuja?"

Baba alimtazama mgeni, akatazama funguo. "Hakuja."

"Na viatu?"

"Wewe ndiye uliyeuliza viatu, Mama."

Yule mgeni alihisi kitu, akasogea kando. Mama yangu alileta maji kwenye kikombe cha shaba. Bibi alikipokea, akakiweka mezani pale pale bila kukigusisha mdomo. Kwetu mtu anayekataa maji ya nyumba amemaliza kusema. Baba alilijua hilo, akakaa kwenye kiti.

"Mchukue basi," alisema, akifungua kisanduku. "Mchukue, Mama, mweke unapotaka."

"Nichukue nini? Humo hamna mtu."

Akafungua kona ya ushungi, akampa Mama ile sukari na nazi, akatoka. Pale mlangoni mgeni mzee, mwanamume, alimtambua kwa ile picha, akaunganisha viganja kumwamkia. Bibi naye akaunganisha vyake, akampisha apite.

Nilipanda roshani nikamfuata kwa macho. Watu walikuwa wanapanda kwa wingi na kofia zao, naye akishuka peke yake kando ya ukuta, lango baada ya lango, akiegemea jiwe pale mguu ulipokataa. Chini alipita wauza vitambaa, akapita stendi ya riksho, akashika barabara. Baba aliwaambia wageni chakula kitachelewa kidogo. Mama alisema atakuwa ameenda kupumzika kwa dada yake, atarudi.

Kwa dada yake hakufika. Kwetu hajarudi.